Jeneza la Mbeya

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikatulia kidogo kwa mazoea, nikisubiri uitikie marahaba yako ile ndefu ya puani. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nakusalimu mahali pengi, hata barabarani, watu wananiangalia.

Barua hii nimeiahirisha tangu misa ya arobaini. Nilijidai kazi ni nyingi, mitihani imekaribia, jenereta imeharibika. Ukweli ni kwamba nina aibu. Naona aibu kukutazama hata pichani. Ile picha yako ya kofia, iliyokuwa ukutani nyuma ya kiti changu, nimeihamishia ukumbini. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba huko itaonekana na watu wengi zaidi. Wakanisifu kwa wazo zuri.

Sasa bodi imeamua chuo kiitwe kwa jina lako. Wamekubaliana wote, hata yule mjumbe aliyekuwa akikuita mzee wa maranda. Bango jipya litawekwa pale getini, mgeni rasmi ataalikwa, na mimi, kama mkuu wa chuo, nimeagizwa kuandika historia fupi itakayosomwa siku hiyo. Nikaanza vizuri tu: "Chuo kilianzishwa na marehemu Mwalimu Krispini katika ghala la zamani la chama cha ushirika, hapa Mazwi, kikiwa na wanafunzi wachache na randa mbili." Nikaishia hapo. Kila nikiendelea naona historia yote inanipeleka kwenye jeneza tulilokuzikia, na hayo hayawezi kusomwa mbele ya mgeni rasmi. Basi nimeiweka karatasi yao pembeni, nakuandikia wewe.

Unakumbuka nilivyofika? Baba alinileta kutoka Kaengesa nimekaa nyuma ya baiskeli, nimepakata kifuko cha ulezi, baridi ya mwezi wa saba imenikausha midomo. Sikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, na nyumbani walikuwa wameacha kulitaja jambo hilo mbele yangu, kama vile kuna mgonjwa. Baba akakwambia kwamba mikono ninayo, ila kichwa hana uhakika nacho. Wewe ukanishika kiganja ukakigeuzageuza kama mtu anayenunua kuku, ukasema kichwa tutakitafuta baadaye. Ghala bado lilikuwa linanuka mahindi ya zamani na panya walikuwa hawajapewa taarifa kwamba pamekuwa chuo.

Tulikuwa na useremala na uashi. Baadaye ukaongeza ushonaji, halafu uhazili, na wasichana wakaja na kelele za mashine zao za chapa tukadhani tumepata maendeleo. Walikuja watoto wa wakulima kama mimi. Walikuja vijana wa Wampembe, ziwani huko, wanataka kujifunza kutengeneza mitumbwi ya mbao, na wewe hujawahi kutengeneza mtumbwi maishani mwako. Hukuwaambia. Ulijifunza pamoja nao, unawauliza maswali kwa ujanja kana kwamba unawapima. Mtumbwi wa kwanza ukateremshwa ziwani juu ya lori. Tangu siku hiyo, kila mtu aliyetoka ziwani ulimsimamisha ukamuuliza kama unaelea. Hukuwahi kuamini majibu yao.

Lakini kilichotufanya tuwe chuo, na si ghala lenye misumeno, ni misiba. Hilo ndilo nilitakiwa kuliandika kwenye historia yao. Mtu akifa Mazwi, familia yake ilikata utete wenye urefu wa marehemu, ikauleta kwako. Ukishaupokea, masomo yalisimama. Sisi wa useremala tulichonga jeneza kwa utete ule. Wa uashi walikwenda makaburini. Wa ushonaji walishona kitambaa cha ndani, na wa uhazili walichapa wasifu wa marehemu utakaosomwa kaburini. Aliyekuwa na mbao alileta mbao, asiye nazo hakuulizwa. Ukiwa umeinama na penseli sikioni ulikuwa unatuambia, "Huyu ni mteja asiyerudi kulalamika. Kwa hiyo mlalamikieni nyinyi kabla hajaingia." Halafu unapitisha kidole kwenye kila kiungo, na ole wake ambaye kidole chako kimekwama kwake. Ulikaripia kwa Kifipa, hata wanafunzi wa Kisukuma, ambao hawakuelewa hata neno moja na bado walielewa yote.

Hatukuwa na mtihani mwingine wa maana kuupita huo. Familia ilikuja kukaa uani, kwenye magogo, ikisikiliza nyundo. Hawakuja kuharakisha kazi. Walikaa tu. Nadhani iliwasaidia kusikia kwamba mtu wao anashughulikiwa.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, wafanyabiashara wakaingia vijijini na malori kununua mahindi, na ushirika uliotupa ghala ukabaki jina. Wafadhili waliokuwa wakitupa vifaa wakatuandikia kwamba sasa tujitegemee. Ofisi za serikali zikapunguza watu, na ajabu ni kwamba hapo ndipo kila mzazi akataka mwanawe asomee ofisi. Nani alete binti kushona wakati gauni la Ulaya limelala chini sokoni? Nani alete kijana kuranda mbao?

Wewe ulikuwa umechoka, magoti yanakusumbua. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Morogoro na cheti cha ualimu na tai mbili. Ukanikabidhi funguo. Ushonaji ukafa wenyewe. Uashi niliufuta mimi. Karakana ya useremala nikaifunga kwa muda, nilisema, mpaka hali itengemae. Nikapiga sakafu, nikapaka rangi, nikaweka kompyuta. Zana zako zikagawanyika kwa mafundi wa mtaani, wengi wao wanafunzi wako mwenyewe. Tukaanza kupokea waliomaliza kidato cha nne. Majengo yakaongezeka, na waliosoma kwetu wanapata kazi mpaka Tunduma na Mpanda. Simdanganyi mtu nikisema chuo kimekua.

Na wewe ulifurahi, Mwalimu. Hapo ndipo ninapoumia. Ungenikaripia ningejua la kufanya. Ulikuja siku ya kufungua chumba cha kompyuta na kofia yako, ukakaa, ukaandika jina lako kwa kidole kimoja, ukacheka mpaka ukakohoa. Uliniomba jambo moja tu, kwamba misiba isije ikaachwa. Nikakujibu kwamba chuo kitaendelea kuchangia. Ukaitikia kwa kichwa. Sijui kama ulisikia tofauti iliyokuwemo katika jibu langu. Mimi mwenyewe sikuisikia.

Ukafa kwenye baridi, asubuhi. Mama Gaudensia wako alinitumia ujumbe kabla hajawaambia hata ndugu zako, maana kwake mimi nilikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Nililia, Mwalimu, hilo liandike upande wangu. Halafu nikafuta machozi nikawa mkuu wa chuo.

Nilitaka uzikwe kwa heshima. Kichwani mwangu heshima ilikuwa ile niliyoiona Mbeya kwenye mazishi ya mkubwa mmoja: jeneza linalong'aa kama gari, lenye kidirisha cha kioo na vishikio vya rangi ya dhahabu. Nikapiga simu dukani huko. Wakaniuliza la ukubwa gani. Nikasema la mtu mzima. Wakasema litapakiwa kwenye basi.

Nilipotoka ofisini niliwakuta wamekaa uani. Wanafunzi wako wa zamani, mafundi wa Mazwi na wa vijiji vya jirani, wengine sikuwa nimewaona tangu tumalize. Walikuwa wamekuja kwa baiskeli na randa zao kwenye viroba. Magogo yalishaondolewa siku nyingi, nimepanda maua pale, basi wamekaa kwenye ukingo wa maua. Deo ndiye aliyesimama, yule tuliyekuwa tukigombea naye patasi moja, sasa ana kibanda chake karibu na soko. Akanipa pole. Akaniambia kwamba mbao zimeshapatikana, mninga mkavu, wanasubiri utete tu.

Na utete ulikuwepo. Shemeji yako alikuwa ameuleta asubuhi ile, akaulaza juu ya meza yangu, kama walivyofanya watu wa Mazwi miaka yote. Ulikuwa mrefu, umepita ukingo wa meza pande zote mbili. Niliusogeza ili nipate nafasi ya simu.

Nikamwambia Deo, "Msijisumbue, ndugu zangu. Jeneza linatoka Mbeya."

Hakuna aliyebisha. Deo aliitikia sawa, akatazama viatu vyangu, akakaa tena. Walikaa mpaka jua likageuka, nadhani kwa sababu hawakujua mahali pengine pa kwenda. Wanafunzi wangu wa kompyuta waliwapita wakiwaamkia shikamoo, wakidhani ni wazee waliokuja kuulizia ada. Nami nilikuwa nimeridhika, Mwalimu. Nilidhani nimewapunguzia kazi.

Basi lilichelewa, si unaijua ile barabara. Jeneza lilifika siku ya mazishi yenyewe, padri ameshafika, uani kwako hapana pa kukanyaga. Watu waliguna kwa uzuri wake, na mimi nikasimama pembeni kama mwenye harusi. Tukaliingiza chumbani. Wakakuinua. Miguu haikuingia.

Ulikuwa mrefu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mlangoni mwa ofisi ulikuwa ukiinama kila siku. Fulana zako zilikuwa zikishonwa na wasichana wetu kwa sababu za dukani zilikuishia tumboni. Nilikaa chini ya urefu ule toka ujana wangu, na nikapiga simu Mbeya nikasema la mtu mzima.

Hapakuwa na muda wa kufanya lingine. Mmoja alisema tutoe ubao wa miguuni, mwingine akasema litaachia lote, maana chini ya ule mng'aro mbao zenyewe zilikuwa nyembamba. Mwishowe tukakulaza ubavu kidogo, tukakukunja magoti. Yale magoti yako mabovu. Mimi ndiye niliyeyashika. Kile kidirisha cha kioo, badala ya uso wako, kikawa kinaonyesha bega, ikabidi tukifunike kwa kitambaa. Watu walipopita kuaga waliona kitambaa, wakadhani uso uliharibika na ugonjwa.

Mama Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekumbusha kitu, "Mwenzangu alikuwa mrefu, Osward. Wewe ulikuwa hujui?"

Makaburini kulikuwa na upepo. Sikuwaangalia mafundi, nilitazama mikono yao tu, jinsi walivyoyashika yale majembe. Deo alifukia mpaka mwisho.

Tangu hapo, Mwalimu, hakuna aliyenisema. Ningependa waniseme. Mafundi wananisalimia kwa adabu kubwa kuliko zamani, wananiita mheshimiwa, na kila wakisema hivyo natamani ardhi inimeze. Mama Gaudensia anapita njia ya nyuma akienda jumuiya, hapiti tena mbele ya chuo. Nimemfuata nyumbani, amenikaribisha, amenipa ugali wa ulezi na maharage, ameuliza hali za watoto. Ile siku hakuigusa. Nilikula, nikaaga. Halafu wanakuja wa bodi na bango lao lenye jina lako, wanataka nisimame mbele ya watu nisome kwamba tunaendeleza kazi aliyoianzisha marehemu.

Majirani wawili wamekufa Mazwi baada yako. Familia zao hazikuja kwetu. Hazikuja hata kuuliza. Nilikuwa nikitazama getini.

Wiki iliyopita ndipo alipokuja Masanja. Humjui, ni Msukuma, wamehamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wanaishi nje kabisa ya mji. Mlinzi aliniambia kuna mtu getini ana fimbo. Nikatoka. Ulikuwa utete. Mama yake mzazi amefariki, na huko alikotoka kuna mtu alimwambia kwamba Mazwi kuna chuo kinachochonga majeneza ya watu, anachotakiwa kuleta ni kipimo. Huyo aliyemwambia lazima awe alipita hapa zamani sana. Masanja alinyoosha utete kwa mikono miwili, akanisalimia, akakaa chini kwenye ukingo wa maua. Hakuna aliyemwambia akae pale.

Ningeweza kumwambia tumefunga. Maneno yalishafika mdomoni. Nikauangalia ule utete, mfupi, wa kikongwe aliyepungua, nikashindwa.

Sina hata nyundo hapa chuoni, Mwalimu. Nilivua tai nikaenda kwa miguu mpaka kibandani kwa Deo, utete mkononi, mchana kweupe, sokoni kote wananiona. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Sikuyasema. Nilimwonyesha utete tu. Akaupokea, akaupima kwa shubiri, akauliza ni nani. Nikasema ni mama wa mtu nisiyemjua. Akazima redio, akachagua mbao, akanipa randa ya pili.

Tulichongea uani chuoni, kwa sababu Masanja alikuwa amekaa kule na ilibidi asikie. Mikono yangu imekuwa laini, ilichubuka mapema. Kiungo cha kwanza nilikikosea, Deo akakifumua, nikarudia. Wanafunzi walianza kwa kuchungulia madirishani, wakaishia kushika mbao. Binti mmoja aliuliza jina la marehemu na alikozaliwa, akaenda kuchapa wasifu bila kutumwa na mtu. Sikuwa nimewahi kuwafundisha jambo hilo. Deo alipitisha kidole chake kwenye viungo vyangu vyote, taratibu, na mimi nilisimama nikisubiri kama mwanafunzi.

Halikuwa jeneza zuri. Kifuniko kina mwanya upande mmoja ambao wewe ungeutukana. Tulilipeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wanawake wakaingia nalo kumlaza mama wa watu, sisi tukabaki nje. Masanja akatoka. Alikuwa analia, lakini alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaja kunishika mkono.

"Limemtosha, Mwalimu," akasema.

Nilijitenga nyuma ya zizi nikalia peke yangu. Mama wa mtu nisiyelijua hata jina lake asubuhi ile, amelala amenyooka. Wewe uliyekigeuza kiganja changu ukaona kitu ambacho baba yangu hakukiona, wewe nimekukunja.

Nimewaandikia wajumbe wa bodi. Nimewaambia jina lako halitapanda kwenye bango lolote huku karakana imefungwa. Wakikataa, watafute mkuu mwingine na historia waiandike wenyewe. Hawajajibu. Chumba cha mwisho, kile cha stoo, nimeanza kukitoa vitu kwa mikono yangu ili kiwe karakana. Deo amesema atafundisha, ila ameweka sharti kwamba nami niwe darasani. Jumapili baada ya misa nitakwenda kwa Mama Gaudensia. Mara hii nitaitaja ile siku mimi, kabla sijaonja chakula chake, na akitaka kunifukuza nitasimama palepale nifukuzwe.

Siombi unisamehe, sina uso wa kuomba. Nakuahidi hili tu: hapa Mazwi hakuna mtu atakayelala tena kwenye kipimo cha kukisia, maadamu mimi niko hai. Mkubwa, mdogo, mwenyeji, mgeni, watapimwa wote.

Kwa heri, Mwalimu. Wengine huandika pumzika kwa amani, mimi mkono unakataa, kwa sababu najua tulivyokulaza.

Mwanafunzi wako,
Osward